HAKI YA CHAKULA SI HISANI YA CHIFU



Wahenga walisema kuwa mnyonge hana haki. Mwezi wa Agosti 2010 Wakenya walipiga kura na kujipatia Katiba iliyokusudiwa kuifuta methali hiyo. Katiba ya kale, katika kifungu cha 82, ilikataza ubaguzi wa rangi, kabila na maoni ya kisiasa, lakini mlemavu haikumtaja hata kwa neno moja. Katiba ya sasa yamtaja katika kifungu cha 27, yampa kifungu chake mwenyewe cha 54, na katika kifungu cha 43 yatamka kwamba kila mtu ana haki ya kutoshikwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha, chenye ubora. Kifungu hicho hicho chaiagiza Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wote wasioweza kujikimu. Twauliza basi: haki hiyo imefika lini katika sufuria ya mlemavu maskini?

Tuutazame mpango wa malipo kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ambao leo ni sehemu ya Inua Jamii. Ulianza mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi malipo yake yalisimama pale pale, shilingi 2,000 kwa mwezi, si kwa kila mlemavu bali kwa nyumba nzima. Hizo ni shilingi 67 kwa siku. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Unga ukapanda, malipo yakabaki chini. Tena, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu walemavu wapatao 900,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Nyumba zilizolipwa na mpango huu, kwa miaka mingi, hazikufika 50,000.

Na mlango wa kuingilia ni mwembamba kwa makusudi. Ili kukubaliwa, sharti mlemavu awe mtu wa kulishwa, kuogeshwa na kulindwa na mwenzake daima. Fundi wa viatu asiye na miguu, aketiye kando ya barabara kuanzia alfajiri hadi magharibi na kurudi nyumbani na pesa zisizotosha ugali na sukuma wiki, huambiwa kuwa yeye ana nguvu. Kipofu auzaye njugu huambiwa vivyo hivyo. Yaani mtu huadhibiwa kwa kujitahidi! Serikali yangoja mlemavu aishiwe kabisa ndipo imtambue kuwa ana njaa.

Wako watakaotujibu kwamba kipo chakula cha msaada. Ndiyo, kipo, lakini hugawanywa vipi? Magunia hushushwa penye afisi ya chifu, watu wakaitwa kwa mbiu, na mwenye mbio ndiye mwenye kupata. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa janga la korona, watu walikanyagana huko Kibera wakigombea chakula cha msaada, na hao walikuwa watu wa miguu miwili na macho mawili. Mwenye kiti cha magurudumu angepita wapi? Kiziwi angeisikiaje mbiu? Mara nyingi humbidi mlemavu kumtuma jirani, na jirani naye hudai fungu lake.

Njaa hii ni ugonjwa pia. Aliyeumia uti wa mgongo hupata vidonda vya kulalia, na kidonda hakifungi upesi pasipo maharagwe, mayai au maziwa. Mwenye kisukari akimeza dawa ya kushusha sukari bila kula, aweza kuzirai. Daktari huandika dawa. Sokoni hakuna anayeandikiwa chakula. Hivyo mgonjwa hurudi hospitalini na maradhi yale yale, na fedha zilizonyimwa sahani yake hutumika kitandani mwake.

Wakubwa husema kwamba fedha hazitoshi. Sisi tuliosomea sheria twawajibu kwa Katiba yenyewe. Kifungu cha 20 chasema kuwa Serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki za kifungu cha 43, ni juu yake kuthibitisha hivyo, wala si juu ya mwenye njaa. Na katika kugawa mali, iwaangalie kwanza walio hatarini. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao wataja chakula waziwazi. Mwaka 2025 ikapatikana Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Sheria ni njema, lakini sheria haipikwi ikaliwa.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani kwamba vyama vingi vingeikomesha siasa ya kumnunua maskini kwa pakiti ya unga. Haikukoma. Asiye na haki ya chakula atakipokea kwa yeyote, na atalipa kwa kura yake.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Malipo yapande pamoja na bei ya unga. Umaskini na ulemavu vitoshe kuwa sifa ya kupokea. Orodha ya wapokeaji ibandikwe hadharani, kanisani, msikitini na penye afisi ya chifu. Chakula cha msaada kimfikie mlemavu mlangoni pake.

Nanyi waumini, msingoje Nairobi. Kanisa la kwanza, wajane wake waliposahaulika katika mgawo wa kila siku, liliteua watu saba wa kuusimamia. Halikuwaambia wajane wasubiri. Kila parokia na iwahesabu walemavu wake wasio na chakula. Iandike majina, kwa idhini yao, na kudai orodha ya serikali chini ya kifungu cha 35. Jina lisipoonekana, tupeleke malalamiko kwa kifungu cha 37. Tukipuuzwa, kifungu cha 22 chamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenzake.

Hatuombi sadaka. Twadai deni.