AFYA NA NYUMBA: MIWANI ISIVULIWE MTEREMKONI

Huko Bukirasazi, katika mkoa wa Gitega nchini Burundi, theluji haianguki. Kinachopatikana kwa wingi ni miteremko. Uwanda wa kati wa nchi hiyo, wenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,000 hivi, ni vilima vinavyofuatana, na njia za udongo mwekundu hupanda kimoja na kushuka kingine. Apelekaye ndizi, makaa au maharage sokoni kwa baiskeli hutumia sehemu moja ya safari akisukuma na sehemu nyingine akiteremka. Katika sehemu hiyo ya pili ndipo jambo la miwani linapokuwa kubwa.

Iko desturi iliyoenea mahali pengi. Mtu aliyepimwa macho akapewa miwani huivaa ofisini, kanisani, msikitini, au atazamapo mchezo. Lakini apandapo baiskeli au pikipiki, aingiapo uwanjani kucheza mpira, au aendapo doria, huivua na kuitia mfukoni. Sababu zake zaeleweka: miwani ni ghali, yaweza kudondoka, mvua huijaza matone, na pumzi huitia ukungu. Basi macho hunyimwa msaada wakati ule ule yanapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Hesabu ya mteremko

Mtu asiyeona mbali, ambaye miwani yake ina nguvu ya dayopta 2, huona sawasawa hadi nusu mita tu akiivua. Mwenye dayopta 3 huishia kwenye sentimeta 33, yaani hata usukani wa baiskeli yake mwenyewe hauoni vizuri. Vilivyo mbele zaidi havipotei kabisa, na hapo ndipo hatari inapojificha. Huona umbo la lori, rangi za kitenge na wekundu wa njia, akadhani kwamba anaona. Asichokiona ni shimo, jiwe, kamba ya mbuzi iliyokatiza njia, au mtoto aliyechuchumaa ukingoni.

Baiskeli iteremkayo kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Tangu jicho lione hadi mkono ubane breki, hupita sekunde moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mita 10 zimekwisha kwenda kabla breki haijaanza kushika. Na kwa mzigo wa ndizi juu ya udongo wenye utelezi, baiskeli huhitaji mita nyingine nyingi ili isimame. Aliyeliona shimo likiwa mita 40 mbele yake ana nafasi ya kuamua. Aliyeliona likiwa mita 8 hana tena la kuamua.

Hali huwa nzito zaidi katika barabara kuu itokayo Gitega na kupita Bugarama. Kutoka Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, barabara hiyo hushuka hadi Bujumbura kwenye Ziwa Tanganyika, ambako mwinuko haufiki mita 800. Waendesha baiskeli wenye mizigo huishiriki na malori, na kona zake hazimsamehe mtu asiyeona vizuri.

Walivyofanya watelezao thelujini

Nchi za theluji zililikuta tatizo hili zamani, kwa kuwa huko watu huteremka milima kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, na walio hodari huzidi kilometa 100 kwa saa. Afrika ya Mashariki nayo imepata kushiriki michezo hiyo. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alishindana katika mbio za kilometa 10 za thelujini kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, naye mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, Mkenya mwingine, Sabrina Simader, alishindana katika mchezo wenyewe wa kuteremka mlima.

Mtelezaji mwenye macho dhaifu haivui miwani yake. Wengine huvaa juu yake miwani mikubwa ya kinga, iliyotengenezwa kwa nafasi ya kutosha ndani na mapengo pembeni pa kupitishia mikono ya miwani. Wengine huweka lenzi zao zilizopimwa ndani ya miwani hiyo ya kinga. Wengine hutumia lenzi ndogo ziwekwazo juu ya mboni. Hizi zataka mikono safi na dawa yake maalumu, na hazipaswi kuguswa na maji ya bomba wala ya mto. Miwani ya kinga yenyewe huwa na kioo cha tabaka mbili na vitundu vya kupitishia hewa, ili ukungu usijikusanye.

Vifaa hivyo havipatikani katika kila soko, lakini maarifa yake hayahitaji theluji. Kwanza, miwani ifungwe isidondoke. Mpira mwembamba au kamba laini iunganishwe ncha za mikono miwili na kupita kisogoni, iwe imara bila kubana. Pili, lenzi zisiwe za kioo cha kuvunjika. Mwenye kazi ya mwendo au ya mapambano aombe lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu istahimiliyo pigo kuliko kioo. Zikipigwa na jiwe, si rahisi zipasuke na kulitia jicho vipande. Tatu, hewa ipite. Ukungu ni mvuke wa pumzi yenye joto ugandao juu ya lenzi ya baridi. Asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, ajifungaye skafu hadi puani huipeleka pumzi yake yote juu, kwenye miwani. Skafu na ishushwe chini ya pua. Tone dogo la sabuni laini likipakwa juu ya lenzi na kufutwa kwa kitambaa safi hupunguza ukungu kwa saa chache.

Miwani ipasayo kuvuliwa

Hata hivyo, si kila miwani ni ya njiani. Watu wengi waliopita umri wa miaka 40 huvaa miwani ya kusomea. Hiyo husaidia kwa maandishi yaliyo karibu, lakini huharibu uonaji wa mbali. Avaaye hiyo aivue kabla ya kushika usukani. Mwenye miwani ya sehemu mbili ajizoeze kuinamisha kichwa atazamapo njia, asiiangalie kwa sehemu ya chini. Nayo miwani myeusi iuzwayo sokoni huzuia mng'ao wa jua tu. Haichukui nafasi ya miwani iliyopimwa, na jioni ni hatari kwa kuwa huongeza giza.

Kwa askari na polisi

Wako askari wafichao udhaifu wa macho yao kwa kuogopa kuhamishwa kazi au kuchekwa na wenzao. Siri hiyo si yake peke yake. Dereva asiyeona vizuri amebeba kikosi kizima. Mlinzi asiyetambua sura usiku huweza kumwachia adui au kumfyatulia raia risasi. Kupimwa na kuvaa miwani ni sehemu ya utayari, kama kusafisha bunduki. Wanajeshi wa Burundi waliotumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika tangu mwaka 2007 waliifanya kazi hiyo katika nchi ya jua kali na vumbi, na huko miwani ya kinga ni kifaa cha kazi.

Jambo moja lataka uangalifu. Miwani ya kawaida haivaliwi ndani ya barakoa ya gesi, kwa kuwa mikono yake huzuia mpira kushika uso, na gesi ikapata mlango. Ndiyo sababu ziko lenzi zilizopimwa ziwekwazo ndani ya barakoa yenyewe. Mwenye miwani na alitaje jambo hilo mapema, si siku ya hatari.

Nyumbani

Mara nyingi mzazi humwambia mtoto aiache miwani nyumbani ili isivunjike. Mtoto huyo huchezea njiani, huvuka barabara, naye hasomi kilichoandikwa ubaoni. Mwisho huitwa mzembe. Ni afadhali apewe fremu ya plastiki na mpira wa kisogoni, afundishwe na kuitunza. Miwani ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa kitambaa cha pamba kilicho safi. Isifutwe kavu kwa pindo la kanga wala la shati la kazi, kwa kuwa vumbi huikwaruza. Isiwekwe lenzi zikitazama chini. Karatasi ya vipimo itunzwe pamoja na vyeti vya nyumbani, ili miwani ikipotea safarini, nyingine ipatikane bila kuanza upya. Macho ya mtoto hubadilika, hivyo yapimwe kila mwaka.

Bei ya miwani ni mzigo kwa nyumba nyingi, na hakuna wa kulilaumu jicho la mzazi liionealo uchungu. Lakini aivuaye mteremkoni huokoa fremu na kuhatarisha mguu wake, mzigo wake, na mtoto wa jirani aliye ukingoni mwa njia. Fremu ikivunjika, hununuliwa nyingine.