Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Katika historia ya muziki wa dansi nchini mwetu, mengi yamesemwa kuhusu nani alipiga gitaa, na machache kuhusu gitaa lenyewe lilikuwa mali ya nani. Kwa maoni yangu, swali hili la pili ndilo lenye uzito wa kisiasa. Nalileta kwenu kwa sababu ya jambo dogo ninalolifuatilia Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro.

Hapo wapenzi wa gitaa na besi, wengi wao vijana, hukutana Jumamosi alasiri. Mmoja huleta gitaa la solo, mwingine besi, wa tatu amplifaya na nyaya zake, na wa nne hana cha kuleta ila masikio yake na hamu ya kujifunza. Hupiga kwa zamu, bila kiingilio wala hadhira. Mwenye besi humpa asiye nayo kwa nusu saa, kisha hupokea gitaa la solo la mwenzake ajaribu mkono wake. Uzi ukikatika, huchangishana. Nimewasikiliza mara kadhaa, na kilichonivutia zaidi ya muziki wenyewe ni utaratibu wao wa kutumia mali.

Tukumbuke tulikotoka. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Vijana Jazz ilizaliwa mwaka 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Jeshi na Polisi nao walikuwa na bendi zao. Mpango huo ulikuwa na manufaa makubwa: mtoto wa mkulima aliweza kushika gitaa la umeme ambalo ukoo wake wote usingeweza kulinunua, na akalipwa mshahara. Lakini mwanamuziki alibaki mwajiriwa wa mwenye vyombo. Akiondoka, aliondoka mikono mitupu. Muhiddin Maalim Gurumo, pamoja na ukubwa wa jina lake, alitoka NUTA, iliyokwisha kuwa JUWATA, akaenda Mlimani Park, na mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Mwenye mali alibadilika kutoka jumuiya kwenda shirika, na kutoka shirika kwenda mtu binafsi, ilhali mpigaji alibaki palepale.

Ugogoni palikuwa na desturi nyingine. Zeze huundwa kwa kibuyu, ngozi na mti. Ilimba huundwa kwa ubao na vipande vya chuma. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia, alitoka katika utamaduni ambamo mwenye ujuzi wa kupiga aliweza pia kuwa na ujuzi wa kuunda. Gitaa la umeme limeuvunja uhusiano huo. Hutoka kiwandani, hununuliwa kwa fedha taslimu, na bila amplifaya halisikiki hata chumba cha pili. Ndiyo maana kijana wa leo hujifunzia gitaa la kanisa, kwa ratiba ya kanisa, au huacha kabisa akatafuta mdundo wa kompyuta studioni.

Vijana wa Buigiri wameonyesha njia nyingine. Hata hivyo, tusiwasifu kupita kiasi. Besi wanayoitumia wote ni ya mwenzao mmoja. Siku akienda Dar es Salaam kutafuta kazi, ataondoka nayo, na ni haki yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Urafiki umewakutanisha, lakini hautatosha kuwadumisha. Wanahitaji mali ya pamoja, na mali bila daftari hupotea bila habari: iandikwe nani ametunza amplifaya wiki hii, nani amechangia nyuzi, na anayejitoa anastahili nini.

Hapa ndipo halmashauri inapohusika. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kikiomba fedha za kuku, bodaboda au vyerehani, ofisa huelewa mara moja. Je, kikiomba za besi na spika?

Atatokea wa kuuliza iwapo ni haki kuwakopesha wapiga gitaa katika wilaya inayosumbuliwa na ukame. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba mkopo hurejeshwa, na soko lipo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, harusi, mahafali, semina na hafla za kiserikali zimeongezeka, na zote hukodi vyombo na wapigaji. Fedha hiyo kwa nini isibaki Chamwino?

Aidha, Buigiri ina shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1950. Muziki unaofundishwa kwa kusikilizana hauhitaji karatasi ya nota. Watu wazima wasioona wanaweza kuingia katika kikundi kama hiki wakiwa wanachama kamili, wenye sehemu yao katika mali na katika mapato.

Kwa hiyo, ndugu zangu maofisa wa maendeleo ya jamii, someni ombi la wanamuziki kwa vigezo vilevile mnavyosomea ombi la mafundi cherehani. Wanaharakati, wasaidieni kuandika katiba ya kikundi kabla ya ugomvi wa kwanza. Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, nauli ya Buigiri si kubwa. Mwenye gitaa linalokusanya vumbi bwenini alichukue Jumamosi, na aende akijua kwamba atarudi nalo.