Miti ya maharagi nayo inapandwa



Kila mwezi wa tisa, mvua ya msimu A ikianza, tunasikia swali moja kwenye vilima vya Kivu: mbegu iko, samadi iko, lakini miti ya kusimamisha maharagi itatoka wapi? Sisi tunasema wazi: koperative yenye kugawa mbegu ya maharagi marefu bila kupanda miti yake imefanya nusu ya kazi.

Tunajua juu ya nini watu wanapenda maharagi marefu. Mashamba yetu ni madogo, na maharagi haya yanatafuta nafasi juu, si pembeni. Yakitunzwa vizuri, yanaweza kutoa mara mbili, hata mara tatu kuliko maharagi mafupi. Lakini yanataka mti wa metre mbili ao zaidi. Ukiweka kijiti cha metre moja, mmea unajikunja, unarudi chini, maganda yanagusa udongo wenye maji na yanaoza. Hapo mtu analaumu mbegu, kumbe kosa ni la mti.

Tufanye hesabu. Kwa hekta moja inaombwa miti 40 000 mpaka 50 000. Mwenye ari 10 tu anahitaji 4 000 ao 5 000. Ni nani anabeba mizigo hiyo kwa mgongo? Wengi wao ni wamama. Na inakatwa wapi? Kwenye kilima cha jirani, kando ya mto, na mara ingine mtu anavuka mpaka wa hifadhi, ambako anaweza kukamatwa. Kilima kikibaki uchi, mvua inashusha udongo wake mpaka ndani ya mashamba ya chini. Tunatafuta chakula huku tunaharibu shamba.

Dawa haiko mbali. Kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko tupande matete ya kulisha mifugo pamoja na kaliandra. Kaliandra inaanza kukatwa kisha mwaka moja hivi, na ukiikata inachipuka tena. Inatoa miti, kuni na majani ya mbuzi, na inasaidia udongo. Matete yanakatwa yakiisha kukomaa, yanaanikwa mpaka yanakauka. Yakichomekwa mabichi yanaota mizizi na kuyanyang'anya maharagi chakula.

Tena tuache kuchomeka kila mti peke yake. Chomeka miti mitatu ao mine, funga vichwa vyake pamoja kwa kamba ya mgomba. Kama miti yenye nguvu ni michache, iweke mbalimbali kwenye mstari, katikati weka matete membamba, halafu pitisha fito ao kamba mbele na nyuma, kama vile tunasuka kitunga. Mti dhaifu unashikwa na wenye nguvu, na upepo hauangushi mstari mzima. Kazi hii ifanywe mapema, mbele ya mimea kuanza kutambaa. Kisha mavuno, tuing'oe miti, tuiweke mahali pakavu, juu ya mawe, mchwa usiifikie. Yenye kuoza iende jikoni.

Kuko wanamemba wanatuambia: "Shamba haiko yangu, nimelipia msimu moja tu. Nikipanda miti, mwenye shamba atasema nataka kumnyang'anya." Wana haki. Mahali pengi kupanda mti ni kama kusema udongo ni wako, na mwenye kukodi anaweza kufukuzwa juu ya hiyo. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia kila mtu mzigo huu peke yake. Koperative ndiyo iende kuongea na mwenye shamba, mbele ya mashahidi, na mapatano yaandikwe: miti ibaki mali yake, udongo wake ulindwe, na mwenye kulima akate vijiti kwa misimu waliyopatana. Hapo kila mtu anapata. Mwenye shamba akikataa, koperative itafute kipande chake, hata kidogo, cha kuoteshea miti ya wale wasio na udongo.

Basi, mbele ya msimu B, mkutano wa wanamemba ujibu maswali matatu. Tuko na miti mingapi, na tunahitaji mingapi? Mistari yetu gani iko wazi bila kitu? Nani kati yetu analima shamba la kukodi, na nani ataenda kuongea kwa ajili yake? Majibu yaandikwe kwenye daftari, kama vile tunaandika kilo za mbegu.

Mbegu tunaweza kuipata kwa mkopo. Miti ya metre mbili hakuna mtu atatukopesha. Anayeitaka mwaka kesho aipande sasa.