Kodi: mchuuzi ameachiwa hesabu, amenyimwa mtu wa kumuuliza

Beni, Kivu ya Kaskazini – Mama anayeuza unga wa muhogo katika soko ya Kilokwa ana kazi moja ambayo hakuisomea: kuwa ajenti wa kodi wa biashara yake mwenyewe. Sheria ndiyo inataka hivyo. Sheria nambari 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, iliyobadilisha namna ya kukusanya kodi katika Kongo, inasema mlipakodi ndiye anajaza fomu, ndiye anafanya hesabu, ndiye anapeleka feza kabla ya siku kupita. Serikali inangoja. Mama akikosea au akichelewa, hapo serikali inaamka na faini mkononi.

Mpango huo peke yake si mbaya. Mwenye biashara anajua mauzo yake kuliko ajenti aliyefika asubuhi na begi. Ila ukimwambia mtu ajihesabie deni, lazima umwonyeshe namna ya kuhesabu. Hapa Beni, kama vile Butembo, Oicha na Bunia, sehemu hiyo ya pili ndiyo imesahauliwa, na wanaolipa usahaulifu huo ni watu wadogo. Kampuni kubwa ina mhasibu na avoka. Mama wa unga ana kaye, na mara nyingi kaye hiyo ina hesabu za madeni ya wateja tu.

Chukua swali moja la fomu. Inauliza «chiffre d'affaires» ya mwaka. Mama anauza unga wa franka 40 000 kwa siku, na baada ya kulipa gunia, usafiri na kinu anabaki na franka 4 000. Kwa siku 300 za kazi, mauzo yake ni franka 12 000 000 na faida yake ni 1 200 000. Aandike ipi? Kichwani mwake, biashara yake ni zile 4 000 anazorudi nazo nyumbani, kwa hiyo anaandika faida. Kumbe fomu ilitaka mauzo yote.

Kosa hilo lina bei. Amri ya sheria nambari 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka kwamba biashara ndogo kabisa, yenye mauzo yasiyopita franka milioni 10 kwa mwaka, inalipa franka 50 000 kwa mwaka, basi. Ikipita hapo, bila kufika milioni 80, inalipa asilimia 1 ya mauzo kama ni bidhaa, na asilimia 2 kama ni huduma. Mama wetu kwa mauzo ya milioni 12 alitakiwa 120 000. Ajenti akija kuhesabu magunia atasema amedanganya, na faini itafuata. Hakudanganya. Hakuelewa maneno mawili ya Kifaransa.

Kosa linaweza pia kumwangukia mtu upande mwingine. Kijana wa kabini ya kutuma na kutoa feza kwa simu anaona franka 500 000 zikipita mikononi mwake kila siku. Akiandika zote kama mauzo, kwa siku 300 anafika milioni 150, na karatasi inamgeuza kuwa tajiri wa kuingia katika TVA. Ukweli ni kwamba ile feza ni ya wateja. Yake ni komisheni tu. Amejitwika kodi ya mtu mwingine kwa kalamu yake mwenyewe. Na kila sheria ya fedha ya mwaka inaweza kugusa viwango hivi tena. Ni nani anayekuja kwenye kabini kumwambia kijana kilichobadilika?

Basi wanaenda kuuliza wapi? Kuna milango miwili. Wa kwanza ni biro ya kodi yenyewe. Anayekaa pale kukuelekeza ndiye mwenzake wa yule atakayekukagua kesho, na mchuuzi anaogopa kwamba kila swali analouliza ni ushahidi anaotoa juu yake mwenyewe. Woga huo una sababu yake katika nchi ambapo watu wamezoea kuona kizuizi, karatasi na mkono unaonyoshwa. Mlango wa pili ni nyumba ya fotokopi. Kijana mwenye mashini anajaza fomu kwa feza kidogo, anaandika namba anayoona inafaa, mama anaweka sahihi asichoweza kusoma. Siku ya matatizo, sahihi ni ya mama. Kijana wa fotokopi hayumo.

Tena kodi zenyewe si moja. Kuna DGI ya kodi za taifa, kuna DGRAD, kuna DGDA kwa bidhaa zinazovuka mpaka, kuna biro ya mapato ya jimbo, na kuna mji, mitaa na usultani na taksi zao. Juu ya hayo kuna patenti ya uchuuzi, ambayo mizizi yake ni amri ya sheria ya tarehe 2 Agosti 1979. Mwenye patenti mkononi anauliza kama ile kodi ya 2013 inamhusu pia, na majibu anayopata yanategemea nani amesimama mbele yake siku hiyo. Mtu anaweza kulipa mara mbili kwa jambo moja na kukosa kulipa lile linalotakiwa, yote kwa nia njema.

Hapa ndipo neno lazima lisemwe kwa ukali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuiagiza serikali izikuze bila ubaguzi. Kifungu cha 142 kinaenda mbali zaidi: serikali inapaswa kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika siku 60 tangu kutangazwa. Haisemi «ikipata nafasi». Inasema siku 60. Amri ya tarehe 23 Februari 2013 ingehesabiwa hivyo, siku hizo zingekwisha tarehe 24 Aprili mwaka uleule. Ni nani katika soko ya Kilokwa aliyeisikia kwa Kiswahili? Serikali inayomtoza mama faini kwa kuchelewa imechelewa kumwambia sheria yenyewe, na yeye hana biro ya kwenda kuitoza.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya kodi. Hilo ni porojo. «Mauzo yote ya mwaka» ni maneno manne, na kila mtu sokoni anayaelewa kabla hujamaliza kuyatamka.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili ni zito maradufu. Watu waliotoka upande wa Eringeti na Mbau kwa sababu ya mauaji ya ADF, wale waliopanda kutoka Kanyabayonga mwaka 2024, na wale waliofika hapa baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wengi walikuwa na duka, kinu, pikipiki au meza sokoni. Walikuwa na namba ya kodi. Sheria inawataka watangaze katika siku 15 wakifunga biashara au wakihama. Mtu aliyetoka nyumbani usiku na watoto mgongoni atatangaza kwa nani? Biro aliyoandikwa imefungwa, au iko nyuma ya mstari wa mapigano, na karatasi zake zimeungua pamoja na duka. Kwenye karatasi za serikali duka hilo bado liko wazi, bado linauza, na kila mwaka deni lake linaendelea kuhesabiwa.

Sasa huyo huyo ametandika kitambaa Beni, anauza nyanya na sabuni ili watoto wale. Anaogopa kwenda kuomba namba mpya kwa sababu anafikiri namba ya zamani itamfuata na madeni yake. Basi anafanya biashara kwa kujificha, na anayejificha ndiye rahisi kunyang'anywa. Anatoa kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, bila kitansi. Mwisho wa mwaka ametoa feza nyingi kuliko ambayo sheria ingemwomba, na Hazina ya serikali haikupata hata franka moja.

Kuna pia wale wanaoleta maharagi na vitunguu kutoka sehemu zinazoshikiliwa na waasi. Wanatozwa huko. Wakifika upande huu wanatozwa tena, na karatasi ya huko hawathubutu hata kuionyesha. Hakuna anayeomba serikali itambue kodi ya waasi. Lakini mtu anayebeba mzigo huo anahitaji kuambiwa wazi nini anadaiwa upande huu, kiasi gani, na anailipa wapi, ili kila kizuizi kisijitungie bei yake.

Maajenti wa kodi wana lao pia, na haki ni kulisikiliza. Wanasema watu wanajificha, wanasema kuna wafanyabiashara wanaovaa nguo za maskini wakati wana magunia mia katika depo. Kweli wapo. Wanasema vita inahitaji feza, askari walio mbele wanataka kula, walimu wanangoja mshahara. Ni kweli tena, na kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi na taksi zake. Wakimbizi wenyewe hawaombi kufutiwa wajibu huo. Wengi wangefurahi kuwa na kitansi halali mfukoni, maana kitansi inamfunga mdomo anayekuja kudai mara ya pili. Lakini kifungu cha 174 nacho kinasema hakuna kodi bila sheria. Ukificha sheria ndani ya lugha ambayo mlipaji haisomi, umemwacha ajenti awe ndiye sheria.

Na katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu hawana hata mbunge wa jimbo wa kumpelekea lalamiko hilo. Tangu hali ya dharura ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, mabunge ya majimbo hayo mawili yamesimamishwa na uongozi uko mikononi mwa wanajeshi na polisi. Basi swali linaenda kwao moja kwa moja. Uongozi wa jimbo ulihamia Beni baada ya Goma kuanguka. Uko hapa, umbali wa mguu kutoka sokoni.

Kinachotakiwa si kikubwa. Fomu ya biashara ndogo iandikwe kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na mfano wa hesabu uliojazwa tayari, ule wa mama wa unga na ule wa kijana wa kabini. Iwekwe meza sokoni, hata siku mbili kwa wiki, yenye mtu wa kusaidia kujaza ambaye hana ruhusa ya kukagua wala kutoza, na ambaye haandiki jina la anayeuliza. Wanafunzi wa uhasibu wako mjini. Wanatafuta pa kufanyia stage, na kazi hiyo wangeiweza. Redio za mji zipewe viwango vya mwaka kabla ya Januari kwisha, zivisome kwa Kiswahili na kwa Kinande, kama zinavyosoma tangazo la chanjo.

Kwa waliokimbia, biro ya kodi iandike karatasi moja tu: jina, mahali duka lilipokuwa, tarehe ya kukimbia, ushuhuda wa chefu wa kambi au wa mtaa aliokaribishwa. Namba ya zamani isimamishwe tangu tarehe hiyo, faini zisihesabiwe, mtu aanze upya. Karatasi hiyo haigharimu Hazina kitu, kwa sababu deni la duka lililoungua hakuna atakayelikusanya.

Kabla hayo hayajafanyika, mchuuzi abaki na kaye mbili: moja ya feza yote inayoingia, nyingine ya feza inayotoka kununua mzigo. Asiweke sahihi kwenye fomu iliyojazwa asipokuwepo, na abaki na kopi. Kodi ya DGI inalipwa kwenye konti ya Hazina katika benki, na karatasi ya benki ndiyo uthibitisho. Feza iliyotolewa mkononi barabarani haina jina. Mwaka ambao hakuuza, apeleke fomu na kuandika sifuri kuliko kunyamaza, maana kunyamaza ndiko kunakozaa faini. Na akiona ametozwa kupita kiasi, sheria inamruhusu kupinga kwa barua ndani ya muda uliowekwa. Barua hiyo apeleke mwenyewe, adai muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yake, na asiondoke dirishani kabla hajaupata.