Nani Alipe Gharama ya Kupinga Matokeo?

Chama cha siasa kinachokataa matokeo ya uchaguzi nchini Tanzania huhatarisha pia pato lake. Ruzuku ya serikali hukokotolewa kwa kura na wabunge ambao chama kimepata, yaani kwa hesabu zile zile kinazozipinga. Uchaguzi wa Oktoba 28, 2020 ulipompa John Magufuli asilimia 84 ya kura za urais na Tundu Lissu, mgombea wa CHADEMA, asilimia 13, chama hicho kilikataa matokeo, kikakataa na ruzuku hadi 2023. Mwanzoni mwa 2025 kikaanzisha Tone Tone, kampeni ya kuwaomba wananchi wachangie kiasi chochote walichojaliwa. Mei mwaka huo Msajili wa Vyama vya Siasa alipositisha ruzuku, michango hiyo haikuwa tena nyongeza. Ilikuwa ndiyo tegemeo.

Je, michango ya wananchi inaweza kukibeba chama? Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Edwin Mtei, mwasisi wa CHADEMA, alizaliwa Marangu. Freeman Mbowe, mwenyekiti wake kuanzia 2004 hadi 2025, ni wa Machame. Jimbo la Moshi Mjini lilikuwa la CHADEMA kuanzia 2000 hadi 2020, miaka 15 ya mwanzo likiwa chini ya Philemon Ndesamburo, mfanyabiashara mwenye uwezo. Neema hiyo ilikuwa na kasoro yake: palipo na tajiri wa kulipa, mwanachama huzoea kupiga makofi tu. Watu hao hao wa Moshi, hata hivyo, ni mabingwa wa kuchanga. Wakulima wa kahawa walianza kuungana 1925, na 1933 wakawa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Hadi leo, kwenye mifereji ya asili inayoshusha maji hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, anayekwepa kazi ya kuizibua hudaiwa faini au hukosa zamu yake. Mchango wa mlimani huambatana na haki, na anayetoa ana mahali pa kudai.

Kwa upande wa kiasi, kulipia kazi ya kulinda kura kwa michango kunawezekana. Vituo vya kupigia kura mwaka 2020 vilizidi 80,000. Tuseme kila kituo kiwe na wakala mmoja wa chama wa kusimamia kura, apewe shilingi 20,000 za nauli na chakula: jumla ni shilingi bilioni 1.6. Lissu alitangazwa kupata kura zaidi ya milioni 1.9. Hata kwa hesabu hiyo ambayo chama hakiikubali, shilingi 1,000 kwa kila mpiga kura wake zingetosha na kubaki.

Na wakala ndiye anayestahili kulipiwa kwanza, kabla ya magari na majukwaa. Nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa kituoni ndiyo inayotenganisha madai ya wizi wa kura na manung'uniko ya aliyeshindwa. Mwenye fomu ana neno la kusema mbele ya jaji. Asiye nayo, hata kama kweli ameibiwa, ana hasira tu. Mahakamani nako kuna gharama: anayepinga matokeo ya ubunge ametakiwa kisheria kuweka dhamana ya hadi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Matokeo ya urais ndiyo hayagusiki kabisa, kwa kuwa ibara ya 41(7) ya Katiba inazizuia mahakama kuyachunguza. Huko fomu hubaki kuwa ushahidi mbele ya umma na historia, na hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama yake.

Vikwazo vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni woga, nao una msingi. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo anayetuma mchango kwa simu anaacha jina lake. Mwenye duka anayehitaji leseni ya halmashauri hulifikiria hilo mara mbili. Cha pili ni hesabu: mchangiaji hajui fedha yake imeishia wapi. Juni 2025 Mahakama Kuu ilizuia kwa muda shughuli za kisiasa za CHADEMA na matumizi ya mali zake, katika shauri la mgawanyo wa rasilimali kati ya Bara na Zanzibar. Amri moja ilitosha kuifungia fedha ya wengi. Ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali upo kisheria, lakini taarifa yake huchelewa na huishia juu. Mchangiaji wa Pasua au Kibosho, huko Moshi, anahitaji kubandikiwa ukutani, kwenye ofisi ya tawi lake, kilichokusanywa, kilichopelekwa makao makuu, na idadi ya mawakala waliolipwa katika kata yake.