Wanaoishi na wanyama wafikiriwe katika vibali vya kuwinda



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wananchi wengi waishio kando ya mapori, nalo ni ugawaji wa vibali vya kuwinda wanyamapori. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Liwale, Mkoa wa Lindi. Wilaya yetu inapakana na mapori ya Selous, kwa hiyo habari za tembo, simba na nyati kwetu si za kusoma vitabuni tu.

Kila msimu wa kuwinda unapokaribia husikika malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba vibali havipatikani. La pili ni kwamba wawindaji wamezidi mno katika maeneo yale yale. Kwa haraka haraka mtu anaweza kuona kuwa malalamiko haya yanapingana, maana vibali vikiwa haba wawindaji watazidije? Lakini ukiyachunguza utaona kuwa ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Vibali ni haba kwa watu fulani na katika ardhi fulani. Wanaokosa nafasi huku ndio wanaosongamana kule.

Kwanza tuelewane juu ya ardhi yenyewe. Katika Hifadhi za Taifa hakuna kuwinda kabisa. Mapori ya Akiba watu hawaruhusiwi kuishi ndani, lakini uwindaji unaruhusiwa kwa kibali. Mapori hayo yamegawanywa vitalu ambavyo hukodishwa kwa makampuni ya uwindaji wa kitalii. Mapori Tengefu mengi nayo yana vitalu. Kisha yapo maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo vijiji viliruhusiwa kuziunda kwa kanuni za mwaka 2002. Yaliyobaki ni maeneo ya wazi, na kwa kawaida ni huko ambako mwananchi mwenye bunduki yenye leseni hupangiwa kwenda anapopata kibali cha uwindaji wa wenyeji.

Maeneo ya wazi ndiyo haya haya ambamo tunalima mahindi na ufuta, tunachungia mifugo, tunakata kuni na kurina asali. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 12. Sensa ya mwaka 2022 imeonyesha watu milioni 61.7. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kwa hiyo pale ambapo mwananchi anaruhusiwa kuwinda, ndipo pia ambapo pori linapungua kila mwaka, na wanyama wanapungua pamoja nalo. Watu wenye bunduki wanatoka mijini na magari yao, wote wanaelekea kwenye kipande hicho hicho, nyati anajeruhiwa na kuachwa, na kesho yake anayekutana na nyati huyo mwenye hasira ni mama anayekwenda kuchota maji.

Sasa tutazame tulikotoka. Pori la Selous lilipewa jina hilo mwaka 1922, kwa kumkumbuka mwindaji Mwingereza aliyeuawa huko mwaka 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza. Lilipanuliwa sana wakati wa Bwana Nyama maarufu, Ionides, aliyekuwa na makazi yake hapa hapa Liwale. Katika miaka ya 1940 wazee wetu walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya magharibi ya Liwale, na mashamba yao yakawa pori. Katika miaka ya 1960 pori hilo likagawanywa vitalu 47 kwa ajili ya uwindaji. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchini. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978, kazi ya kuuendesha ilikuwa mikononi mwa shirika la umma, TAWICO. Kuanzia mwaka 1988 vitalu vikaanza kukodishwa kwa makampuni ya watu binafsi.

Hapo ndipo msongamano wa namna nyingine ulipoanza, wa makampuni. Waombaji walikuwa wengi, vitalu vichache. Njia iliyotumika nchini ilikuwa kuvikata vitalu vikubwa viwe vidogo ili wengi wapate. Jambo hili linaonekana kuwa la haki, lakini tulifanyie hesabu kama tunavyowafanyisha watoto wa Darasa la Tano.

Wataalamu waliochunguza simba wa Tanzania walishauri kuwa nje ya Selous asiwindwe zaidi ya simba dume mmoja kwa mwaka katika kila kilomita za mraba 2,000. Tuseme kitalu kina kilomita za mraba 2,000. Kibali ni simba mmoja. Kitalu hicho kikatwe mara nne, kila kampuni ipewe simba wake mmoja, kwa kuwa bila simba haipati mteja wa safari ya siku 21. Ardhi ni ile ile, simba ni wale wale, lakini sasa wanakufa wanne badala ya mmoja. Na simba dume akiuawa akiwa bado kijana, dume mgeni huingia katika kundi na kuwaua watoto wa yule wa kwanza. Kwa hiyo risasi moja huua simba zaidi ya mmoja. Ndiyo maana ikawekwa sharti kuwa simba wa kuwindwa awe ametimiza miaka 6. Uchunguzi huo ulionyesha pia kuwa mahali ambapo simba walipungua kwa haraka zaidi ni pale palipowindwa zaidi.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Ujangili wa pembe ulikuwa umewamaliza tembo wetu, kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2014 Marekani ilizuia nyara za tembo wa Tanzania kuingizwa nchini mwake, na mwaka 2016 ikaweka masharti magumu kwa nyara za simba. Wateja wengi wa vitalu vyetu walikuwa Wamarekani. Makampuni mengi yakarudisha vitalu. Mwaka 2019 Serikali ilianza kuviuza vitalu kwa mnada wa kielektroniki. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na bunduki ya mwindaji haina nafasi tena humo.

Mnada una faida yake. Kila mtu anaona bei, na maneno ya kupendeleana yanapungua. Lakini Waswahili walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mnada unauliza swali moja tu: nani ana fedha nyingi zaidi? Hauulizi nani amelala macho mwezi mzima akipiga debe shambani ili tembo wasimalize mahindi. Kitalu kikikosa mnunuzi, hakiendi kwa mwanakijiji. Kinabaki bila mwindaji, na mara nyingi bila ulinzi wa kutosha, na jangili ndiye anayekuwa mpangaji asiyelipa kodi.

Na mwanakijiji yuko wapi katika foleni hii? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua uwindaji wa wenyeji, lakini lazima mtu awe na bunduki yenye leseni na alipe ada kwa kila mnyama. Mitego, mashimo, sumu, mbwa na moto vimekatazwa, na ni haki vikatazwe, maana mtego hauchagui jike mwenye mimba wala mtoto. Lakini wananchi wangapi wa vijijini wana bunduki? Kwa hiyo neno "mwenyeji" kwenye kibali mara nyingi maana yake ni mtu wa mjini mwenye gari na rifle. Mwenyeji hasa, ambaye mlango wake unatazama pori, anabaki kuwa mtazamaji. Akitega waya akapata swala, anaitwa jangili. Wako watu waliopata vifungo vya miaka 20 kwa kukutwa na nyara za Serikali.

Sitetei ujangili. Sheria ni sheria, na darasani ninafundisha hivyo. Lakini sheria hutiiwa kwa moyo pale ambapo mtu anaona sehemu yake ndani yake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Linganisha fedha hizo na ada anazolipa mgeni kwa simba mmoja, halafu ujiulize mjane ataelewa somo gani.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta uwindaji kabisa. Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo mwaka 1977, na katika miaka 40 iliyofuata wanyama wao wamepungua kwa zaidi ya nusu. Sisemi kwamba kufuta uwindaji ndiko kulikowaua, maana mashamba, nyua na mifugo vimechangia sana. Ninachosema ni kuwa kufuta vibali peke yake hakumlindi mnyama ikiwa anayeishi naye haoni faida yake.

Wapo pia wanaosema wananchi wakipewa nafasi wataharibu. Tutazame Marekani, nchi ambayo watu wake ndio wanaokuja kwetu kuwinda. Huko, kila jimbo hutoa vibali vyake, na mwindaji hukifunga kibali kwenye mzoga ili mnyama mmoja asihesabiwe mara mbili. Wao pia wana taabu ya msongamano katika ardhi za umma. Jimbo la Colorado, lenye kundi kubwa kuliko yote la mnyama wa jamii ya kulungu aitwaye elki, kwa miaka mingi liliuza baadhi ya vibali bila kikomo, mpaka wawindaji wakawa wanakutana wao kwa wao kuliko kukutana na mnyama. Kuanzia mwaka 2025 wageni wanaotaka kuwinda elki kwa upinde huko wamewekwa katika kura. Jimbo la Montana limeweka katika sheria idadi ya 17,000 kwa vibali vya pamoja vya wanyama wakubwa vinavyotolewa kwa wageni kila mwaka. Mgeni hulipa ada kubwa mara nyingi zaidi ya mkazi. Na tangu mwaka 1937 fedha za ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, hurudi katika kuhifadhi wanyama. Maana yake ni kwamba mkazi ndiye wa kwanza kufikiriwa, na mgeni anakaribishwa kwa nafasi iliyopimwa. Hakuna anayewaita wakazi wa Montana majangili.

Kwetu sisi fedha za kigeni tunazihitaji, na sipendekezi wageni wafukuzwe. Mapendekezo yangu ni haya:

Kwanza, katika kila wilaya inayopakana na mapori, itengwe sehemu inayojulikana ya vibali vya wenyeji kwa ajili ya vijiji vyenyewe, si kwa mtu mmoja mmoja. Kijiji kisicho na bunduki kisaidiwe na askari wa wanyamapori au mwindaji aliyeidhinishwa, mnyama apigwe mchana kweupe, nyama igawiwe mbele ya Serikali ya Kijiji na iandikwe katika daftari.

Pili, vibali vya maeneo ya wazi viwe na tarehe na eneo. Badala ya watu wote kumiminika wiki moja mahali pamoja, wapangwe kwa zamu. Waombaji wakizidi, ipigwe kura hadharani wilayani na majina yabandikwe ubaoni. Kura haijui cheo wala jina la ukoo.

Tatu, vitalu visivyo na mnunuzi visiachwe yatima. Vijiji vya jirani, kupitia jumuiya zao, vipewe nafasi ya kuvitunza kwa masharti na muda maalumu. Kanuni za jumuiya hizo zinataka angalau nusu ya mapato yake yaende kwenye vijiji wanachama. Basi hesabu hizo zisomwe katika mkutano wa kijiji.

Nne, kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori. Mabucha hayo yafike vijijini, si mijini tu. Nyama ya mnyama aliyepigwa na mtalii, ambaye shida yake ni ngozi na pembe, iwe kitoweo cha halali kwa watoto wetu.

Tano, kitalu kisikatwe tena kwa sababu ya wingi wa waombaji. Idadi ya vibali ifuate idadi ya wanyama waliohesabiwa, wala isifuate idadi ya watu wanaobisha hodi ofisini.

Najua watakaosema kuwa mambo haya yatahitaji fedha na watumishi. Ni kweli. Lakini kuwasaka majangili usiku na mchana nako kuna gharama, na gharama hiyo haina mwisho ikiwa kijiji kizima kimenyamaza na hakitaki kumtaja mtu. Mlinzi wa kwanza wa pori ni yule aliye karibu nalo. Tukimfungia mlango, halafu tukamwomba atulindie nyumba, tutakuwa tumeomba jambo gumu.

Ninawaomba Waheshimiwa Wabunge wa majimbo yaliyo kando ya mapori walifikishe jambo hili Bungeni, na wahusika wa wanyamapori watujibu katika ukurasa huu huu, ili wananchi wajue vibali vingapi hutolewa katika wilaya yao, kwa nani, na kwa ajili ya eneo gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Liwale, Lindi.