MAFUTA YA KUKAANGIA: FAIDA IMO KATIKA CHUJIO

Wenye hoteli na mabanda ya chipsi mjini Karatu huanza wiki kwa kuulizana bei ya dumu la mafuta. Ni swali la haki. Bei ya mawese haipangwi Karatu wala Arusha. Aprili 28, 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kuuzwa nje, hadi Mei 23, soko la dunia lilitikisika.

Hata hivyo, wako wanaolalamikia bei huku wakimwaga mafuta ambayo bado yangefanya kazi. Mashine ya kukaangia ina chujio na pampu, lakini vimeachwa kwa madai kuwa ni vibovu. Mara nyingi si vibovu.

Kasoro ya kwanza ni baridi. Karatu, na zaidi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, asubuhi za Juni hadi Agosti mafuta ya mawese huganda ndani ya bomba. Pampu huunguruma bila kuvuta, na ikilazimishwa huweza kuunguza mota. Dawa ni kuchuja jioni, moto ukiwa umezimwa na mafuta yangali ya moto kwa kiwango alichoelekeza mtengenezaji, kisha kuacha pampu ikaushe bomba. Mafuta ya alizeti hayagandi upesi hivyo.

Mafuta yakirudi polepole, karatasi ya kuchujia imezibwa na unga wa kuku na chenga za viazi, ibadilishwe. Yakirudi na mapovu ya hewa ilhali trei bado imejaa, mpira wa kuzibia umechakaa au trei haikukaa sawa. Yakirudi na chenga, karatasi imechanika au imepinda. Sehemu zilizooshwa zikaushwe kabisa, kwani maji kidogo ndani ya mafuta ya moto huyarusha na kuunguza watu.

Chukua mfano wa kikaangio cha lita 20. Mafuta yakibadilishwa kila baada ya siku nne, siku 24 hula lita 120. Yakichujwa na kufikia siku sita, hula lita 80. Madumu mawili ya lita 20 yamebaki stoo.

Chujio lina mpaka wake. Huondoa chenga zinazoungua na kuharibu mafuta mapema, lakini halifufui mafuta yaliyochoka. Yakitoa moshi mapema, povu lisilotulia au harufu kali, yamwagwe. Kuyang'ang'ania ni kupoteza wateja.

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kununua mashine iliyotumika asitazame ung'avu wa bati. Aombe pampu iwashwe mbele yake, mafuta yakiwa ndani, na aulize kama karatasi na mipira yake inapatikana Arusha. Asipopata jibu, bei nafuu ya mashine hiyo itamrudia kwenye madumu.